Picha Moja, Tarehe Tatu

Katika mitaa ya Kariakoo yako maduka madogo ambamo picha husafishwa, hukuzwa na kufanywa upya. Mteja huja na picha ya karatasi iliyokwisha kufifia, pengine ya Soko Kuu lilipofunguliwa mwaka 1975. Fundi huilaza juu ya skana, huifungua kwenye kompyuta, huondoa madoa, kisha humpa mteja nakala safi pamoja na faili lake. Mteja huondoka ameridhika. Lakini faili hilo, likiulizwa picha ni ya lini, laweza kutoa majibu matatu.

Ndani ya faili la picha, mbali na rangi zinazoonekana, mna maelezo ya maneno na tarakimu: tarehe, jina la mpigaji, mahali, aina ya kamera. Wataalamu huyaita metadata. Maelezo hayo hayakai katika daftari moja. Daftari la kwanza ni Exif, lililobuniwa Japani mwaka 1995 kwa ajili ya kamera. La pili ni la IPTC, baraza la kimataifa la vyombo vya habari, nalo lilikusudiwa magazeti na mashirika ya habari. La tatu ni XMP, lililotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 2001. Kila moja lina nafasi yake ya tarehe na ya maelezo, na mtu aweza kubadili moja bila kuyagusa mengine.

Exif peke yake ina tarehe tatu: ya kupigwa picha, ya kugeuzwa kuwa faili, na ya kubadilishwa mara ya mwisho. Ikiwa picha ya mwaka 1975 iliwekwa kwenye skana mwaka 2023 na kurekebishwa mwaka 2024, tarehe hizo hazipingani hata kidogo, maana zinajibu maswali matatu tofauti. Ugomvi huanza pale programu inapokosa jibu la swali la kwanza ikaazima la swali la pili, na soko jipya la mwaka 1975 likapangwa miongoni mwa picha za juzi. Isitoshe, XMP huruhusu kuandika «1975» na kuishia hapo, hali Exif imejengwa kwa tarehe kamili hadi sekunde. Programu isiyopenda kuacha nafasi wazi yaweza kuandika tarehe 1 Januari 1975, saa sita kamili usiku. Mwalimu wa fizikia analijua kosa hili: ni la mwanafunzi anayepima meza kwa rula ya sentimita na kuandika jibu lenye desimali tano.

Saa nazo zina mtego wake. Soko la Kariakoo liliungua usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021. Tuseme mfanyabiashara alipiga picha ya kibanda chake saa saba na nusu ya usiku huo. Saa ya simu itaandika tarehe 11 Julai, 01:30. Nafasi ya setilaiti, ambayo hufuata saa za dunia zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, itaandika tarehe 10 Julai, 22:30. Mwenyewe atasema ni usiku wa kuamkia Jumapili. Wote watatu wamesema kweli. Hata hivyo, hadi toleo la mwaka 2016 Exif haikuwa na nafasi ya kutaja saa hizo ni za nchi gani. Programu iliyo katika kompyuta iliyotegwa kwa saa za Ulaya yaweza basi kubuni jibu, na picha ikasogea saa moja au mbili bila mtu kujua.

Makampuni yenyewe yaliiona shida hii. Mwaka 2006 baadhi yao, yakiwamo Adobe, Canon, Microsoft na Nokia, yaliunda kikundi cha kutafuta utaratibu mmoja, na mwongozo wake wa pili ulitoka mwaka 2010. Humo mna hila nzuri kati ya IPTC na XMP. Programu inapohifadhi picha hukokotoa namba kutokana na maandishi ya IPTC na kuiweka ndani ya faili, mfano wa lakiri juu ya bahasha. Picha ikifunguliwa tena, namba hukokotolewa upya. Ikilingana na ile ya awali, XMP huaminiwa. Ikitofautiana, ni dhahiri kwamba mkono mwingine umegusa IPTC, basi IPTC ndiyo huaminiwa.

Hila hiyo ni ya werevu, lakini humtambua aliyeandika mwisho, si aliyesema kweli. Iwapo XMP inasema «Soko, 1975», na mtu mwenye programu ya kale akaandika katika IPTC «Soko, 1985», kanuni itachukua 1985. Mtazamaji ataonyeshwa jibu moja tu, safi, lisilo na dalili ya mashaka.

Hapo ndipo programu hizi zinapostahili kulaumiwa. Watetezi wake husema kwamba mpiga picha za harusi mwenye picha 400 hana nafasi ya kujibu maswali 400. Ni kweli, wala hahitaji kuulizwa. Yatosha alama ndogo kando ya tarehe, yenye kuonyesha kwamba madaftari hayapatani, na majibu yote yabaki mahali pake. Kufuta moja ni kufuta ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama ya Tanzania, inapopima uzito wa kumbukumbu za kielektroniki, iangalie zilivyotengenezwa na zilivyotunzwa. Mfanyabiashara anayedai fidia ya bidhaa zilizoungua hana budi kuonyesha kwamba picha yake ilipigwa kabla ya moto, na tofauti ya saa tatu yaweza kumfanya aonekane mwongo.

Katika daftari la maabara mwanafunzi hukatazwa kufuta kipimo alichokosea. Hukikata kwa mstari mmoja ili kiendelee kusomeka, akaandika kipya kando. Darasa linaweza kuzijaribu programu za picha kwa kanuni hiyohiyo. Faili moja lifunguliwe katika programu mbili, maelezo yake yanakiliwe ubaoni, tarehe moja ibadilishwe kwa makusudi katika programu ya kwanza, kisha itazamwe ya pili itasema nini. Faili la asili liwekwe kando, lisiguswe. Simu moja na kompyuta moja ya shule zinatosha kwa kipindi cha dakika 40.