Mwandiko wa Kidole na Kazi ya Darasani

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu, Bara na Zanzibar. Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha, awe Wete au Mkoani, yamkini atamkuta mwalimu mwenyeji wake anacho kimoja. Mengi yameelezwa juu ya kukitumia kuandalia masomo. Sisi twataka kusema juu ya jambo dogo zaidi ambalo, kwa maoni yetu, limepuuzwa: kukiandikia kwa mkono badala ya kupiga herufi.

Twalisema kwa sababu ya kazi moja isiyongoja. Mtoto wa darasa la pili asomapo "mbwa" akatamka "bwa", au ajumlishapo akasahau kubeba kumi, mwalimu hana budi kulinukuu kosa lile palepale, angali amesimama kati ya madawati. Akingoja kengele, atakumbuka kuwa fulani hajui kusoma, asikumbuke ni nini hasa asichokijua. Nako kupiga herufi moja moja kwahitaji macho yaitafute kila herufi kiooni, na mtoto aachwe. Mkono uandikao huijua njia yake wenyewe.

Wengi wamejaribu mara mbili tatu, wakaona mashine haisomi, wakaacha. Kosa lao ni kuukimbiza mkono. Mashine haitazami umbo la herufi tu kama tutazamavyo daftari. Huifuata njia ya kidole tangu kigusapo kioo hadi kiinukapo. Kila kuinua kidole bila sababu hupoteza wakati na kuitatiza. Hili lilitambuliwa mapema. Mwaka 1996 kampuni ya Palm ya Marekani ilitoa kifaa cha mkononi chenye abjadi iitwayo Graffiti, ambayo karibu kila herufi iliandikwa kwa mchoro mmoja. A haikuwa na kijiti chake cha katikati. Watu wazima walijifunza kuandika upya ili mashine iwaelewe! Mashine za leo hazidai hivyo, walakini mkono usioinuka ovyo ndio uendao mbio hata sasa.

Hapa mwanachuo wa Pemba ana mtaji asioujua. Aliyefundishwa hati ya Kiarabu katika chuo cha Kurani, kwa ubao au kwa daftari, amezoea kuandika kwanza mwili wa neno, herufi zikishikana, kisha akazirudia nukta. Na afanye vivyo hivyo kwa herufi za Kirumi: neno "hatujajibiwa" liandikwe lote mfululizo, ndipo zifuate nukta za j na i, pamoja na kikato cha t. Maneno yetu ni marefu, na anayepumzika katikati huenda akaona neno lake limekatwa vipande viwili. Baadhi ya kibodi huruhusu muda huo wa kungoja urefushwe au ufupishwe. Anayeanza aurefushe, aufupishe mkono utakapozoea. Kabla ya yote achague lugha ya Kiswahili, la sivyo maneno yake yatageuzwa kuwa ya Kiingereza, naye atailaumu mashine bure.

Herufi ziwe za wastani, za kimo kimoja. Tumeona zinazosumbua zaidi ni a isiyofungwa juu, ikasomwa u, na r ifananayo na v. Wapo wasemao kuwa kioo kitauharibu mwandiko wa ubaoni. Sisi hatuoni hivyo: mtoto huivumilia a iliyo wazi ya mwalimu wake mwaka mzima asiseme neno, ila kioo humwumbua papo hapo.

Njia ya kujizoeza ni imla. Mwenzako akusomee maneno ishirini kutoka kitabu cha darasa la pili, nawe uyaandike kwa mwendo wako wa kawaida, kisha myahesabu yaliyokosewa. Yakipungua kufikia moja au mawili, aongeze kasi ya kusoma. Yakizidi, arudi nyuma. Pangusa chaki na jasho vidoleni kwanza, kwani kioo huhisi umeme wa ngozi na uchafu hukipotosha. Kwa sababu hiyo pia penseli na kalamu ya mwanzi hazifai. Asiyependa kidole atafute kalamu iliyotengenezwa kwa vioo hivi.