Maabara za bahari zahitaji zaidi ya majengo

Tangu kongamano la kimataifa kuhusu uchumi wa bahari lifanyike jijini Nairobi mnamo Novemba 2018, wito wa kupanua maabara za utafiti wa bahari umekuwa ukirudiwa karibu kila kiongozi anapozuru Pwani. Ni wito wenye msingi. Linalozua wasiwasi ni mazoea ya kudhani kwamba maabara hukamilika siku utepe unapokatwa.

Kenya ilikwisha kulipia somo hilo, ingawa si baharini. Kati ya 1997 na 1999, Muungano wa Ulaya uliwekea samaki wa Ziwa Victoria vikwazo mara kadhaa, kwa hofu ya bakteria, kipindupindu na hatimaye sumu ya dawa za kuulia wadudu. Serikali ilisisitiza kuwa samaki walikuwa salama. Ulaya ilitaka vipimo kutoka kwa maabara inayoaminika, na hapo ndipo nchi ilipokwama. Viwanda vilipunguza kazi na mvuvi ambaye hajawahi kuiona Ulaya akapoteza soko lake.

Huko Pwani hali ina sura nyingine. Mnamo 2018, Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni kutokana na madhara ya ujenzi wa bandari. Mvuvi anayedai kwamba uchimbaji umechafua maji sharti aonyeshe maji hayo yalikuwaje hapo awali. Kumbukumbu hizo hukusanywa mwezi baada ya mwezi, miaka mingi kabla ya kesi kuwazwa. Aidha, maji ya kupimwa bakteria hayana subira: huwekwa kwenye barafu na kufikishwa maabara katika muda usiozidi siku moja hivi. Anayejua safari ya kutoka Kiunga hadi Mombasa atafahamu ni kwa nini maabara kubwa Mkomani, yaliko makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi (KMFRI), haiwezi kuufaa ufuo mzima wa takriban kilomita 600.

Kwa hivyo, upanuzi unaoelekea nje ya Mombasa ni wa busara. Mradi wa KEMFSED, ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 100 na Benki ya Dunia mnamo 2020, ulijumuisha kituo cha utafiti na mafunzo ya ufugaji wa viumbe vya baharini huko Shimoni, Kaunti ya Kwale. Jirani yake, Kibuyuni, akina mama hulima mwani, zao linalodhoofika maji yanapopata joto kupita kiasi. Kwao, kipimo cha joto na chumvi ya maji ni habari ya mavuno.

Isitoshe, utafiti unaweza kujilipa. Wanakijiji wa Gazi wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, wakagharamia maji na mahitaji ya shule. Mauzo hayo yasingewezekana lau watafiti hawangekuwa wameipima mikoko na udongo wake kwa miaka mingi.

Hata hivyo, mengi ya haya yametegemea wafadhili. Hata meli ya utafiti ya Mtafiti ilitolewa na Ubelgiji, ilikojulikana kama Zeeleeuw. Zawadi hiyo iliwafungulia watafiti wa humu nchini kina kirefu cha bahari, lakini meli hainywi shukrani, hunywa dizeli. Maabara nayo hutaka kemikali zisizopitwa na wakati, umeme usiokatika, mafundi wa kurekebisha mitambo na wakaguzi wa kuithibitisha mara kwa mara ili vipimo vyake vikubalike mahakamani na sokoni.

Gharama hizo hazina jiwe la msingi la kuzinduliwa, na pengine ndiyo sababu wanasiasa huzitaja kwa nadra. Wabunge wanaotoka Pwani wanapopitia makadirio ya bajeti, kifungu cha kuulizia ni cha matengenezo na mishahara ya mafundi, baada ya mkopo na ufadhili kufikia kikomo.