Aliyekata Tamaa Naye Ahesabiwe

Tukisikia kwamba wasio na kazi wamepungua, wengi wetu hufurahi tukidhani ajira zimeongezeka. Sivyo daima.

Kwa kanuni ya Shirika la Kazi Duniani, asiye na kazi ni yule aliye tayari kufanya kazi na ambaye ameitafuta siku za karibuni, kwa kawaida katika majuma 4 yaliyopita. Aliyechoka kubisha hodi maofisini akakaa nyumbani hahesabiwi na wenye kazi wala na wasio nayo.

Natufanye hesabu ndogo. Katika watu 100, 80 wana kazi na 20 wanaitafuta. Wasio na kazi ni asilimia 20. Kumi wakikata tamaa, hesabu hubaki ya watu 90, na wanaotafuta ni 10 tu. Asilimia imeshuka hadi 11, wala hakuna hata mmoja aliyeajiriwa!

Afrika Kusini hutoa hesabu mbili. Katika miezi 3 ya kwanza ya mwaka 2024, ile rasmi ilikuwa asilimia 32.9. Ile pana, inayowatia ndani wanaotaka kazi bila kuitafuta, ilikuwa 41.9.

Wako watakaosema asiyetafuta ni mvivu. Lakini nauli ni fedha, na aliyejibiwa "hakuna nafasi" mara nyingi huona heri fedha hiyo inunue unga.

Sisi wa kidato cha nne tu karibu kuingia katika hesabu hizo. Maoni yangu ni kwamba kila serikali itangaze zote mbili pamoja, nasi tusomapo tuulize: waliokata tamaa wamewekwa wapi?