Foto za treni kwenye telefoni zetu: zimepigwa wapi, na zinatuambia nini?

Butembo haina reli. Beni vilevile. Kijana aliyezaliwa Furu ao Mabakanga anaweza kufikisha miaka 20 bila kuona treni kwa macho yake, lakini fungua telefoni yake utakuta treni zimejaa. Ndugu zetu wanaoenda Kampala, Nairobi na Dar es Salaam kufuata mizigo wanazipiga foto na kuzituma. Wengine wameipenda kazi hiyo hadi wanafundishana: simama hapa, jua liwe mgongoni, usikaribie reli namna ile.

Ni mchezo mzuri. Ila kwetu huku hauko mchezo tu, juu bei ya bati, ya nguo na ya vipande vya pikipiki inategemea njia inayotoka baharini mpaka Kasindi. Foto moja ikiandikwa “reli imefika karibu na Mpondwe”, kuna mtu atakayekimbia kununua kiwanja kwa bei ya juu. Njo maana wale vijana wa foto tunawachukulia kwa uzito.

Tuanze na mambo yenyewe. Kenya ilifungua reli mpya ya Mombasa–Nairobi tarehe 31 Mei 2017, kisha mwaka 2019 ikaisogeza mpaka upande wa Naivasha. Tanzania ilianza kusafirisha abiria toka Dar es Salaam mpaka Morogoro mwezi wa sita 2024, na mpaka Dodoma mwezi uliofuata. Uganda ilisaini na kampuni ya Uturuki Yapı Merkezi, Oktoba 2024, kwa kujenga kilomita 272 toka Malaba mpaka Kampala, na jiwe la msingi likawekwa Novemba mwaka ule ule. Kipande cha magharibi, chenye kuelekea Mpondwe mlangoni kwetu, kiko katika mipango ya Uganda toka zamani. Lakini soma tena vizuri: kilichosainiwa 2024 kinaishia Kampala.

Kwa hiyo mtu akikuletea foto ya treni mpya na kusema imepigwa upande wa Kasese, usianze kwa kubishana naye. Angalia foto.

Kitu cha kwanza ni waya. Treni mpya ya Tanzania inatumia umeme, kwa hiyo juu ya reli kuna nguzo na waya njia nzima. Ile mpya ya Kenya inatumia mazutu, haina waya juu. Foto yenye waya ikiandikwa “Mombasa–Nairobi” imeshajisema yenyewe. Kitu cha pili ni upana. Reli za zamani za Kenya na Uganda zina upana wa mita moja kamili. Hizi mpya zina milimita 1,435. Na zile kubwa za huku kwetu Kongo, za Katanga na Matadi, zina 1,067. Kwa macho ni vigumu kupima, lakini reli mpya imelazwa juu ya vipande vya beto vinavyofanana, kokoto ni safi, na mara nyingi njia imeinuliwa juu ya ardhi. Ya zamani mara nyingi utaona vyuma ao mbao chini yake, na majani pembeni. Kitu cha tatu: daraja refu lenye nguzo ndefu, chini yake wanyama wanakula majani. Ile ni mbuga ya Nairobi.

Siku hizi kuna tena foto zilizotengenezwa na kompyuta. Hapo fuata reli kwa kidole: mara nyingi utakuta mbili zinageuka moja, ao maandishi ubavuni mwa treni hayasomeki kwa luga yoyote.

Sasa kwa mwenye kupiga. Sisi tunaishi karibu kabisa na mstari wa ikweta, na Kasese, Kampala na Nairobi vilevile. Ikifika saa ine ya asubuhi jua limeshapanda, na kivuli kinaangukia chini ya mabehewa. Magurudumu yote yanakuwa meusi. Piga mapema, ao ngojea baada ya saa kumi. Panguza kioo cha kamera kwanza (telefoni inayokaa mfukoni na pesa na mikate inashika mafuta). Tafuta mahali reli inapokata kona, hapo treni nzima inaonekana, kichwa mpaka mkia. Finya kitufe bila kuachia ili telefoni ichukue foto nyingi mfululizo, kisha chagua moja.

Na simama mbali. Treni ya Tanzania inaweza kufikia kilomita 160 kwa saa, ni kusema mita 44 kwa kila sekunde. Ikiwa mita 200 toka kwako, iko na sekunde ine na nusu tu kukufikia, na treni ya umeme haipigi kelele kama loli. Mwenye kusimama katikati ya reli kwa kupiga selfi anahesabu vibaya.

Lakini foto inayotusaidia zaidi sisi huku ni ile yenye ushahidi ndani yake, hata kama haiko nzuri kwa macho: jina la stesheni, kibao cha kilomita, namba ya kichwa cha treni, na tarehe ambayo mpigaji ameandika mwenyewe. Mfanyabiashara anayetumiwa foto ya kontenere “yako” juu ya behewa aombe namba yake: herufi ine na tarakimu saba. Ailinganishe na karatasi za mzigo, na plombe pia. Bila namba, ile ni foto ya kontenere ya mtu.

Kuna upande mwingine ambao mafundi wa foto wa Nairobi hawauwazii sana kama sisi. Hapa kwetu, kupiga foto mpakani, kwenye daraja, kiwanja cha ndege ao kambi bila ruhusa kunaweza kukupeleka mbele ya watu wa usalama. Tangu 6 Mei 2021 Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali ya dharura, na wanajeshi ndio wanaotawala. Aliyezoea kupiga kila kitu Kampala asifikiri daraja la Lubiriha, pale Kasindi, liko sawa na stesheni ya watalii. Hata ng'ambo, ulizeni mlinzi wa stesheni kwanza.

Tena, ukituma foto kwa WhatsApp kama foto ya kawaida, habari za mahali ilipopigwa zinafutika. Ukiituma kama dokima ili ibaki safi, zinabaki ndani. Wenye kupenda ubora wanapendelea dokima. Kwa treni ya Dodoma haina shida. Kwa barabara ya Beni–Kasindi, ambapo waasi wa ADF wameua wasafiri mara nyingi, fikiria nani atajua ulikuwa wapi.

Na kuna foto ambazo tusingepaswa kutumiana. Machi 2022, huko Buyofwe katika Lualaba, treni ya mizigo iliyobeba abiria wa kujificha ilianguka, watu zaidi ya 60 wakafa. Foto ya behewa lililopinduka ilikuwa inatosha kueleza hali ya reli zetu. Miili ya watu ilikuwa na wenyewe nyumbani, na wengine wanaweza kupata habari ya msiba kwa telefoni kabla ya kuambiwa na mzee wa familia.

Kwa mwenye kutaka kuanza, asingojee reli mpya. Toka Mpondwe mpaka Kasese ni safari ya saa moja na kitu kwa gari. Reli iliyotoka Mombasa ilifika pale mwaka 1956, kubeba shaba ya Kilembe. Shaba iliposimama reli ikakosa mzigo, na ni miaka mingi sasa treni haifiki. Wazee wa Kasese wanaikumbuka ikipiga honi. Nenda asubuhi, salimia watu wa pale, omba ruhusa, piga njia yenyewe na majani yaliyoifunika, kisha andika chini tarehe na mahali. Siku mtu atakapotutumia foto ya reli mpya ya Mpondwe, tutakuwa na ya kuilinganisha nayo.