Simu Haina Vidole

Wako watu siku hizi wasemao kuwa kijana atakaye kujifunza gitaa hana haja ya mwalimu, kwa kuwa simu yamtosha. Neno hili ni tamu masikioni, lakini si kila kitamu ni chakula. Msomaji, na tulipime kwa mizani ya haki: tukubali lililo kweli ndani yake, kisha tukatae lililo uongo.

Lililo kweli ni hili. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita, na zisipolinganishwa sauti humpotosha mwanafunzi kabla hajaanza. Zamani alihitaji piano, au sikio la mtu mzoefu, ili ajue kila uzi ukazwe kiasi gani. Leo programu kama GuitarTuna huifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Simu husikia mtikisiko wa uzi na kuuhesabu: uzi mnene kuliko yote hutikisika mara 82 hivi kwa sekunde, na ulio mwembamba mara 330 hivi, kisha alama kwenye kioo humwonyesha mpigaji kama uzi umelegea au umekazwa mno. Ziko programu nyingine zipigazo mapigo kama saa, zimzuie mwanafunzi kukimbia. Na iko Yousician, iliyotungwa Helsinki, nchini Ufini, ambayo hutoa somo, humsikiliza mwanafunzi, na kumwambia papo hapo kama amekosa sauti au wakati. Simu haikasiriki wala haimcheki mtu. Kwa kijana wa Chepilat asiye na jirani apigaye gitaa, msaada huu si haba, na aubezaye hana shukrani.

Uongo waanzia wapi basi? Waanzia pale msaidizi anapopewa kiti cha mwalimu. Programu hizi husikia sauti. Mkono hazishughuliki nao. Hazijui kuwa kifundo kimepindwa vibaya hata kikauma, wala kuwa kidole gumba kinaikaba shingo ya gitaa. Mwanafunzi aweza kujaliwa alama zote za simu, na huku mkono wake unaharibika.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kila mwalimu hufundisha akijuacho. Programu zijulikanazo sana zimetungwa Ulaya na Marekani, na nyimbo zake nyingi ni za huko. Watungaji wake hatuwalaumu. Mpishi hupika chakula cha kwao. Lakini tukila huko siku zote, tutasahau kwamba nyumbani kuna jiko. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, ambao leo huitwa Likasi, nchini Kongo, Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda akipiga Masanga, na wapiga gitaa wa ng'ambo wamejifunza wimbo huo kwa bidii. Kwetu Kenya, George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alisifika kwa mtindo wa Waluhya uitwao omutibo: kidole gumba huzipiga nyuzi nene, kidole cha shahada huimba juu yake, na chupa ya soda hutia mdundo. Fungua programu yako, msomaji, uutafute omutibo miongoni mwa masomo yake. Nadhani simu itazimika kabla hujauona.

Tena tazama mahali tulipo. Chepilat iko mpakani, kando ya barabara ya kutoka Sotik kwenda Kisii: upande mmoja Bomet ya Wakipsigis, upande wa pili Nyamira ya Wagusii. Wagusii wana obokano, chombo cha nyuzi nane chenye sauti nzito; Wakipsigis wana chepkong, chombo cha jamaa hiyo hiyo. Mwaka 1950 Tracey huyo huyo aliwarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya Chemirocha, na chepkong ikilia. Jina hilo lilikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, aliyesikiwa huku katika santuri. Ona hekima ya wasichana wale! Walisikia sauti ngeni kutoka katika mashine, wala hawakuiga kama kasuku. Waliitwaa, wakaifanya yao, kwa lugha yao na kwa chombo chao. Santuri iliwatumikia; wao hawakuitumikia santuri.

Kijana, nakutakia hekima kama hiyo. Likizo ikifika, simu usiitupe. Iachie kazi ya kulinganisha nyuzi na kushika mapigo. Ziko pia programu zipunguzazo mwendo wa wimbo bila kuishusha sauti yake; zipe Masanga, uusikilize kipande kwa kipande, mpaka ujue kila kidole kimefanya nini. Kisha mtafute mtu: kanisani, harusini, au katika bendi ipigayo siku ya soko. Kaa mkabala na mkono wake, uulize usilolijua. Ukimpata mzee apigaye obokano au chepkong, mwombe ruhusa umrekodi kwa simu hiyo hiyo, kwa maana mtu asiporekodiwa wala kufundisha huondoka na nyimbo zake.

Simu ni taa njema, lakini taa haitembei kwa niaba ya mtu. Atakaye gitaa na avifuate vidole vya wapigaji, na taa imwangazie njia.