Uza Miti kwa Hesabu

Ndugu Wanachama,

Mwaka jana nilimwuzia mpasua mbao mivule 3 iliyokuwa mpakani mwa shamba langu. Tulipatana kwa mdomo tu, nikaenda zangu mjini. Niliporudi nilikuta visiki 5, na mikarafuu 4 imevunjwa matagaa kwa miti iliyoangushwa ovyo. Fedha niliyopewa haifidii hasara hiyo, kwani mche nitakaoupanda leo hauzai mpaka ipite miaka 6 au zaidi.

Sisemi tusikate miti. Mti uliokomaa ni mali, na akataye kwa kuchagua halidhuru shamba lake. Lakini kwanza tupate kibali kwa wakuu wa misitu. Kisha mwenye shamba atie chokaa kila mti auuzao, aandike hesabu, aonyeshe upande wa kuuangushia, na awepo msumeno ukifanya kazi.

Tena, tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja, kila mkulima ajua kuwa upepo ni adui yetu. Basi miti inayoukinga isiguswe, hata ikitajiwa bei nzuri.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mwanachama mwenzenu