Tingatinga na watazamaji wake

Edward Saidi Tingatinga hakufundishwa kuchora na mtu yeyote. Alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha akaja Dar es Salaam kuwa mtumishi wa nyumbani. Alipoanza kuchora mwaka 1968, vifaa vyake vilikuwa vipande vya hadibodi na rangi za kupaka baiskeli. Hayo yanajulikana na wengi. Lisilozungumzwa sana ni namna alivyowapata watazamaji, na watazamaji hao walikuwa akina nani.

Hakungoja kualikwa ukumbini. Alipeleka picha zake nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wageni waliokaa mtaa ule walikuja kununua mahitaji yao. Alipima vizuri. Mwenye fedha alipita pale kila mara, na picha ilikuwa ndogo kiasi cha kubebwa kwapani. Mwaka 1972, alipouawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu, alikuwa amekwisha kuacha wanafunzi na soko.

Hakuna wa kumlaumu kwa kuwauzia wageni. Asiye na mshahara huenda palipo na mnunuzi. Lakini wanafunzi wake, waliounda chama chao cha ushirika mwaka 1990, walirithi ufundi pamoja na soko lile lile, na soko la namna hiyo lina amri zake. Mtalii akitaka twiga, atachorewa twiga, leo, kesho na mtondo. Wala si lazima ajue nani kamchora. Kwake kila picha ya aina hiyo ni tingatinga tu, neno ambalo kwa mkulima ni trekta. Jina la mtu limegeuzwa jina la bidhaa, na wachoraji walio hai wamefichwa nyuma ya marehemu.

Hapo ndipo mwalimu na mtumishi wa umma wanapohusika. Kuta za ofisi nyingi zimepambwa kwa kalenda za mabenki. Na pale inapotundikwa picha ya Mtanzania, ni nadra kukuta kibao chenye jina lake. Hiyo ni kasumba, na haiondolewi kwa hotuba. Mkuu wa shule anayemwalika mchoraji wa mtaani apake ukuta wa darasa, kwa malipo ya haki na mbele ya wanafunzi, humpatia watazamaji ambao duka la Oysterbay halikuweza kumpatia. Watoto watamwuliza kwa nini chui wake anatazama nyuma. Watamcheka akikosea miguu ya ng'ombe, maana ng'ombe wanamjua.

Naye karani anayenunua picha moja kwa mwaka hatamtajirisha mchoraji. Lakini ataagiza zahanati ya kijijini kwao, au foleni ya maji, na twiga atapata siku ya kupumzika.